Gari Limeharibikia Wapi?

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi na wengine mlishaanza kuulizia kama nimepigwa kalamu ofisini. Sijapigwa kalamu. Nilikuwa likizo. Likizo yenyewe nitaieleza kwa sentensi moja ili mcheke wote kwa pamoja tumalize: mimi, baba, mama, kaka yangu, mkewe na watoto wao wawili tumetembea kwa miguu kutoka Njinjo hadi Kilwa Kivinje. Siku nne. Kwa hiari yetu. Na tulimlipa mtu atuongoze.

Mmemaliza kucheka? Haya, tuendelee.

Kwa wasioijua Kilwa: ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unapita Somanga pale wanapokuletea samaki wa kukaanga mpaka dirishani, halafu unafika njia panda ya Nangurukuru. Mbele ni Lindi. Kushoto ni pwani, Kivinje na Masoko. Kulia ni barabara ya kwenda Liwale, na Njinjo iko huko kulia, kwenye bonde la Mto Matandu. Ni nchi ya Wangindo na Wamatumbi, nchi ya ufuta, mihogo na mtama, na miti ambayo mtu wa mjini akiitazama anaona pori tu.

Kutembea kwa miguu kama likizo siyo kitu kigeni duniani. Wenzetu Uingereza wanalipa pesa nzuri kuongozwa na familia zao juu ya nyika za baridi, zisizo na mti, mpaka ufukweni. Wanabeba mikoba mgongoni, wanalala kwenye nyumba za wageni, na mwisho wa siku wanajipongeza. Na haki hiyo hawakuipata bure. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Baadhi yao walifungwa jela. Njia ndefu ya kwanza ya taifa kule, Pennine Way, ilifunguliwa mwaka 1965. Yaani kuna watu waliokwenda jela wakidai ruhusa ya kutembea.

Sisi historia yetu imekwenda kinyume chake. Huku kwetu watu walitembezwa. Ndiyo maana mtu mwenye nauli mfukoni akionekana anatembea kwa miguu, ama akili haijatulia ama kuna jambo analificha. Kaka yangu alilisema hilo waziwazi baba alipoleta wazo lake mezani: "Baba, gari ninalo. Watu wa Njinjo wataniona mimi mtu gani?"

Hebu niwaeleze wazo la baba lilikotoka.

Bibi yetu, mama yake baba, alizaliwa Njinjo. Alipokuwa msichana wa miaka kumi hivi, alifuatana na baba yake kwa miguu mpaka Kivinje. Walikwenda na nta ya nyuki, wakarudi na chumvi, ng'onda na kipande cha kaniki. Kwa maisha yake yote safari ile ndiyo ilikuwa safari. Aliishi Dar miaka ishirini na kitu, akapanda ndege mara moja kwenda kuhiji, lakini ukimwambia bibi tusimulie safari, anaanzia Njinjo alfajiri. Kila kituo alikuwa na mti wake. Hapa tulipika, hapa tulilala, hapa baba alinibeba mabegani kwa sababu maji ya mto yalinifika kifuani.

Alifariki Januari 2020, Dar es Salaam. Alikuwa ameomba arudishwe nyumbani. Lakini wakumbukeni wenzetu wa Kilwa mwezi ule: mvua ilinyesha kama imelipwa, Matandu ukafurika, nyumba na mashamba vikaenda na maji, watu wakapoteza maisha, barabara zikakatika. Ndugu wa Njinjo wenyewe walikuwa wamehamia kwenye mwinuko, hawana hata pa kulaza wageni. Maiti haisubiri. Tukamzika Dar. Baba hakusema neno siku ile wala mwaka ule, lakini tangu hapo kila akisikia gari la Kilwa linatangazwa stendi, anageuka.

Mwaka jana alitimiza miaka sabini na mbili, na goti la kulia lilishaanza kumsumbua. Ndipo akasema anataka kuitembea njia ya mama yake kabla goti halijakataa. Siyo kwa gari. Mama akasema naye anakwenda, mtu amekaa na mwanaume miaka arobaini na tano, atamwachia njiani? Watoto wa kaka, wa miaka kumi na moja na minane, wakasikia neno "mahema" wakaanza kufunga mizigo. Kaka akabaki peke yake upande wa pili. Akaja.

Tulifika Njinjo mwishoni mwa Juni 2025, shule zimefungwa. Tulianzia ofisi ya kijiji, tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni, tukaeleza safari yetu. Mtendaji alituuliza mara mbili kama tumeelewana vizuri. Kisha akatuitia mtu.

Kiongozi wetu ni bwana wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Pamoja naye kijana mmoja mwenye baiskeli ya kubebea maji na mahema. Tukakaa kwenye mkeka kuongea malipo. Alipotaja bei yake ya siku, kaka alicheka. "Mzee wangu, bei yote hiyo kwa kutembea tu?"

Yule bwana hakukasirika. Akasema: "Kutembea mtatembea wenyewe. Mimi mnanilipa nijue pa kutopita."

Tukalipa. Na kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kwanza tulikuwa tumeshaelewa tunalipia nini. Njia ilitoka barabarani ikaingia kichakani, na baada ya mwendo mfupi akatusimamisha kwa mkono. Kinyesi cha tembo, kikubwa kama kikapu. Akainama, akakivunja kwa kijiti, akatazama unyevu wa ndani, akasikiliza. Kisha akatuzungusha kwa mbali sana, kama saa nzima zaidi. Watoto walilalamika. Yeye akawaambia taratibu kwamba tembo wa huku wametokea upande wa Selous, wanajua ratiba ya ufuta na mihogo kuliko bwana shamba, na mama mwenye mtoto hapendi salamu.

Hapo baba akaongeza ambalo mimi sikulijua. Kwao mume wa bibi, yaani babu yetu, asili yao ni magharibi ya Liwale. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilihamisha watu kwa maelfu kutoka sehemu zile, pori la akiba likapanuliwa, na vijiji vikabaki magofu ndani ya msitu. Babu alikuja huku akiwa mtoto, mkono kwenye mkia wa kanga ya mama yake. Kwa hiyo tembo naye ana upande wake wa kesi, akasema baba. Sisi ndio tulihamishwa ili yeye apate nafasi, sasa yeye anatufuata mpaka tulikohamia!

Siku ile nilijifunza pia kuutambua mpingo ukiwa hai. Nakiri nilitarajia mti mkubwa. Mpingo ni mti mfupi wenye matawi ya fujo na miiba, gome la kijivu, huwezi kuugeukia mara mbili. Kiongozi alikwangua kidogo tawi kavu kwa panga, mweusi ule ukatokeza. Huchukua zaidi ya miaka sabini kufikia ukubwa wa kuvunwa. Wazungu wanaufanya zumari zao, klarineti na oboi, Wamakonde wanauchonga vinyago. Zamani, akasema, mfanyabiashara alikuja na lori usiku, akaacha pesa ya soda, akaondoka na gogo. Siku hizi vijiji kadhaa vya Kilwa vina misitu yao kisheria. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mbao zao zikaanza kuuzwa kwa bei ambayo kijiji kinajengea darasa. Mtoto wa kaka, yule wa miaka minane, akauliza: "Kwa hiyo huu mti ni wa nani?" Yule bwana akajibu: "Wa huyu mjukuu wangu ambaye bado hajazaliwa. Mimi naulinda tu."

Sasa nije kwenye kichwa cha habari.

Tangu saa ya kwanza, kila mtu tuliyekutana naye alituuliza swali lilelile. Wanawake wenye ndoo kichwani, wafugaji wanaopeleka ng'ombe majini (wengi walikuja Kilwa baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006), vijana wa bodaboda. Wanasalimia vizuri, wanatuangalia, wanaangalia barabara nyuma yetu, kisha: "Poleni. Gari limeharibikia wapi?"

Mwanzo tulicheka. Kaka alikuwa akijibu kwa haraka kwamba gari lipo, lipo zima kabisa, liko Njinjo! Jambo lililowachanganya watu zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda alizima injini akatushauri kwa upole, kama mtu anayeongea na wagonjwa: "Sasa si mkalichukue?"

Lakini ilifika mahali kicheko kikaisha. Jioni ya siku ya kwanza tulipita kwenye shamba la ufuta. Miganda imesimamishwa juani kukauka, na katikati kuna dungu ambalo mwenye shamba analala kulinda. Mama mmoja, mtu mzima, yuko peke yake na mjukuu. Akatuona tunavyokokota miguu, na mama yangu amevua viatu. Hakuuliza kuhusu gari. Akaona watu wazima na watoto wanatembea na mizigo, akadhani ndiyo yale mambo: mafuriko au njaa. Mwaka 2020 yalimkuta yeye mwenyewe, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikakata tena barabara za huku. Akasema, "Poleni wanangu, kaeni." Akachimbua mihogo, akatuchomea. Akatutolea maji yake ya kunywa, ambayo tulijua wazi yalipotoka kwa sababu tulikipita kile kisima, na ni mbali.

Kaka akatoa noti ya elfu kumi. Yule mama akaitazama kama kitu kilichoanguka kutoka mfuko wa mtu. "Ya nini tena? Mtu yuko njiani!"

Usiku ule hatukulala vizuri. Siyo ajili ya simba, ingawa na simba tuliwaongelea. Sisi wa rika letu tunakumbuka habari za Rufiji kati ya 2002 na 2004, simba walipoua watu zaidi ya thelathini, wengi wakiwa mashambani kwenye madungu kama lile. Kilichotukosesha usingizi ni mihogo. Tumekula chakula cha huruma, na hatuna shida yoyote. Shemeji yangu ndiye aliyesema gizani: "Sasa tufanyeje? Tumwambie tuko likizo?" Neno lenyewe likasikika vibaya. Jaribu kulisema wewe, mbele ya dungu la mama wa watu: tuko likizo, tunatembea.

Baba alikuwa kimya. Asubuhi, wakati wa kuaga, yule mama akauliza tunakokwenda. Na baba, bila kumwangalia yeyote kati yetu, akajibu: "Kivinje. Tunamsindikiza mama."

Akaeleza kwa maneno machache. Mama yangu alikuwa wa Njinjo. Alifariki mwaka wa mafuriko, hatukuweza kumleta. Njia hii aliipita utotoni, aliipenda. Basi tunamsindikiza.

Uso wa yule mama ulibadilika. Hakukuwa tena na chochote cha kushangaza. Akafunga kanga yake vizuri, akamwambia mjukuu abaki, akatoka nasi. Alitembea nasi mpaka kwenye mkwaju mmoja mkubwa, labda mita mia tatu. Hapo akasimama, akasema, "Mie narudia hapa. Mwenyezi Mungu awafikishe, na yeye amrehemu." Akageuka.

Ndugu msomaji, fikiria lugha yetu ilivyo. Kiswahili hakina neno la pekee la ile starehe ya Wazungu ya kupanda na kushuka vilima kwa ajili ya hewa. Lakini kutembea kwetu ni kwenda kwa miguu na pia ni kwenda kuwaona watu. Mtu akikwambia "njoo utembee kwetu" hana maana uzunguke uwanja. Na kutoka huko tukapata kutembelea. Mgeni akiondoka hatumwachii mlangoni, tunamsindikiza, na hatufiki naye anakokwenda. Tunampa kipande cha miguu yetu, kisha tunarudi. Siku zote nilidhani kusindikiza ni adabu ndogo ya kijijini, kitu cha kumpotezea mtu muda. Sikuwahi kukiona kama sababu ya safari.

Tangu pale swali la gari halikutusumbua. Kila tulipoulizwa, baba alijibu vilevile, na kila mara ilitokea kitu kilekile. Mzee mmoja aliyekuwa anasuka ukili alinyanyuka akaja nasi mpaka mwisho wa kijiji chake. Kabla ya Migeregere wasichana watatu waliokuwa wanatoka kisimani walitembea nasi na ndoo zao kichwani, wakicheka na watoto. Hata bodaboda mmoja alizima pikipiki akaikokota pembeni yetu, kimya, mpaka kwenye kona.

Siku ya tatu goti likakataa. Tulikuwa tumetoka asubuhi mapema kukwepa jua, lakini kufika saa tano baba alikuwa anatembea kwa kijiti na midomo imekauka. Kaka akasema basi, inatosha, akatoa simu aite gari. Hapa ndipo ugomvi ulipozuka, na sitauficha. Baba alikataa. Kaka akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa baba: "Unataka tukuzike na wewe tusipopataka?"

Pori zima likanyamaza.

Kiongozi wetu akasogea, akapiga magoti, akalitazama goti la baba kama alivyokitazama kinyesi cha tembo. Halafu akaanza kufungua mahema kutoka kwenye baiskeli, akayagawa kwa kaka na kwangu. Akakunja blanketi juu ya keria. "Mzee, panda."

"Mimi nimekuja kutembea," baba akasema.

Ni mtoto wa miaka kumi na moja aliyemaliza ile kesi. Alisema: "Babu, lakini si ulisema bibi naye alibebwa pale mtoni?"

Baba akamtazama mjukuu wake. Akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika tumbo. Akapanda. Kijana akashika usukani, kaka akashika keria kwa nyuma, na kwa namna hiyo mzee wa miaka sabini na mbili akaingia Migeregere akiwa amekalia blanketi, miguu imetanuliwa kama bwana harusi. Kaka alimsukuma njia yote. Kiongozi alijitolea mara mbili kumpokea, akakataa.

Siku ya nne tulivuka lami. Magari ya Lindi yanapita kasi, sisi tunavuka na baiskeli yetu. Upepo ulianza kunuka chumvi, minazi ikaongezeka, udongo ukawa mchanga. Mchana tukaingia Kivinje.

Mkienda Kivinje msipite haraka. Ni mji mdogo uliochoka, majengo ya mawe yamepasuka na mizizi imeingia dirishani, lakini mambo yaliyopita hapa ni makubwa. Katika karne ya 19 hii ndiyo ilikuwa bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu yote. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wamefungwa shingoni, makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Wafanyabiashara wakafanya nini? Wakawatembeza watu kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini, mpaka marufuku ya misafara ya nchi kavu ilipotolewa mwaka 1876. Kisha wakaja Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianzia katika wilaya hii hii, kwenye vilima vya Wamatumbi, Julai 1905. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na mwezi huohuo ngome ya Wajerumani kule Liwale ikaangukia mikononi mwa wapiganaji. Wengi walioshiriki waliletwa hapa Kivinje kunyongwa, na mahali penyewe panaitwa Mwembe Kinyonga. Makadirio ya waliokufa katika vita vile, wengi kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, ni kati ya 75,000 na 300,000.

Kaka aliwaeleza watoto haya tukiwa mbele ya mnara wa mashujaa. Aliwaeleza vizuri, bila kuwatisha. Mdogo akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Wale waliofungwa shingoni, nani aliwasindikiza?"

Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo naandika haya sina la kumjibu. Nadhani kuna maswali ambayo mtoto anatakiwa abaki nayo.

Baharini maji yalikuwa yamekupwa, tope linang'aa, mikoko imesimama na miguu yake nje. Watoto hawa ni wa Dar, bahari wanaijua, wanakula mihogo Coco Beach kila sikukuu. Lakini yule mkubwa alisimama akasema, "Hii siyo ileile." Na kweli siyo ileile, kwa maana ile wanaifikia kwa daladala.

Baba aliingia na viatu mkononi mpaka maji yakamfika kwenye fundo la mguu. Akasoma dua yake. Mama alimfuata akasimama karibu yake. Sisi wengine tulibaki nyuma.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja dukani akanunua chumvi, pakiti kumi, ya dukani tu. Mbili akaziweka kwenye begi lake. Nane akampa kiongozi wetu, ambaye alikuwa anarudi Njinjo siku ileile kwa pikipiki (ndiyo, kwa pikipiki, yeye siyo mjinga). Akamwelekeza: zipite kwa yule mama wa dunguni, kwa mzee wa ukili, kwa wale wasichana kama utawaona. "Waambie tumefika. Waambie chumvi imetoka Kivinje."

Kaka akampa yule bwana malipo yake, na juu yake akaongeza siku moja ambayo hatukuitembea. Hakuna aliyemwambia.

Kesho yake tulikwenda Masoko, tukachukua kibali na kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, ule mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza, vyote tumeviona. Hayo nitayaandika siku nyingine, yanastahili makala yao.

Kwa wale watakaoniuliza wafanyeje, nayaweka hapa. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, masika njia hii ni ya samaki. Anzeni ofisi ya kijiji, msijifanye wajuaji. Bebeni maji mara mbili ya mnavyodhani. Msitembee jioni wala usiku. Na msipunguze bei ya kiongozi. Watalii kutoka ng'ambo wanalipa bila kunung'unika kuoneshwa vijiji vyetu, halafu sisi wenyewe tunataka tuoneshwe kwa bei ya maandazi! Wale wanaoijua njia ya miguu kati ya Njinjo na bahari wamebaki wachache. Vijana wanaijua barabara, na kwa bodaboda ni saa chache, siwalaumu. Ila yule bwana anapajua pa kutopita, na hana wa kumwachia.

Baba goti limevimba, yuko kwenye dawa, daktari amemgombeza. Wiki iliyopita nilipompigia akaniuliza kama najua njia ya Njinjo kwenda Liwale ina vituo vingapi. Nimemwambia kaka. Kaka amesema atanunua baiskeli yenye keria pana.

Haya, wewe msomaji, kwenu ni wapi? Na kutoka kwenu mpaka kwa bibi yako ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu? Kama hujui, muulize mtu angali yupo.

Alamsiki.